Nesi, ozoni ni dawa au sumu?

POSTI YA 1

 Najua wengi mnasoma huku mnanyonyesha au mnasubiri maharage yaive, kwa hiyo habari hii nimeigawa vipande vinne. Soma kimoja, lala, kesho endelea.

Imeanza hivi. Juzi kliniki, mama mmoja wa Yombo alibaki pembeni baada ya kumpima mwanawe. Mtoto ana miaka minne na ana pumu. Mama akatoa simu, akanionyesha tangazo: kimashine cheupe cha kuchomeka ukutani, eti "kinazalisha ozoni, kinasafisha mapafu ya mtoto akiwa amelala". Bei yake ingelipa kodi ya chumba miezi mitatu, na kianzio alikuwa ameshatoa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anaona aibu: "Nesi, ozoni si ndiyo ile tuliyofundishwa shule, inayotukinga na jua? Sasa kama inakinga, inawezaje kuwa mbaya?"

Jamani, swali zuri kama hilo sijaulizwa siku nyingi. Nilimjibu kwa kifupi, kwamba asiiwashe kabisa chumba anacholala mtoto, kwa sababu foleni ilikuwa mpaka nje. Jibu refu nikamwahidi. Ndiyo hili, na nawaletea wote maana nina hakika hajaonyeshwa tangazo lile peke yake.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1839, mjini Basel kule Uswisi, mkemia aitwaye Christian Friedrich Schönbein alikuwa akipitisha umeme kwenye maji, akasikia harufu. Harufu yenyewe unaijua. Ni ile kali kidogo inayobaki radi ikipiga karibu, au kwenye duka la steshenari mashine ya fotokopi ikifanya kazi mfululizo. Mwaka uliofuata akaipa jina ozoni, kutoka neno la Kigiriki la kunuka. Baadaye ikajulikana kuwa ni oksijeni hii hii tunayovuta, ila badala ya atomu mbili kushikana zimeshikana tatu. Ile ya tatu haitulii. Inatafuta kitu cha kung'ang'ania, na ikikipata inakiunguza.

Schönbein ndiye aliyeanza kuipima. Alipaka karatasi wanga na chumvi ya iodaidi ya potasiamu. Ikiguswa na ozoni inageuka buluu. Watu wa Ulaya wakawa wanatundika vikaratasi hivyo nje ya nyumba na kuandika kila siku imekolea kiasi gani. (Iwekeni akilini hiyo chumvi, tutakutana nayo tena Nairobi.)

Basi ikazuka imani. Hewa ya ozoni ikaanza kusifiwa kuwa ni hewa safi, hewa ya afya, na miji ya pwani kule ikajitangaza kwa wagonjwa: njooni mvute ozoni ya baharini. Wakati huo huo Schönbein mwenyewe, aliyekuwa akiivuta kazini, alishaandika kwamba inabana kifua na kuwasha koo, na wanyama wadogo waliofungiwa nayo walikufa. Lakini tangazo lilikuwa tamu kuliko onyo. Yule anayemuuzia mama wa Yombo mashine kwa simu anauza imani ya karne ya 19. Leo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaiita ozoni gesi ya sumu isiyo na matumizi ya kitabibu yanayojulikana. Mapafu ya mtoto mwenye pumu tayari yamevimba ndani. Ukimpa ozoni avute usiku kucha unamwagia chumvi kwenye kidonda.

Sasa mbona shule walituambia inatukinga?

POSTI YA 2

Tuliishia kwenye swali. Jibu lenyewe ni neno moja: mahali. Ozoni ni ile ile; inategemea ipo wapi.

Jua linatuma mwanga tunaouona na mwingine tusiouona. Mmojawapo wa usioonekana ni mionzi ya urujuanimno, ile iliyoandikwa UV kwenye chupa za losheni. Mwaka 1881 Mwingereza Walter Noel Hartley alionyesha kwamba ozoni inaimeza mionzi hiyo. Mwaka 1913 Wafaransa wawili, Charles Fabry na Henri Buisson, waliupima mwanga wa jua na kuona kuwa kuna ozoni ya kutosha juu yetu kuukata. Nyingi iko juu sana, kati ya kilomita 15 na 35, huko ambako hakuna pua ya mtu ya kuivuta. Kule ni mwavuli. Huku chini ni moshi.

Aliyetengeneza kifaa cha kuipima vizuri ni Gordon Dobson wa Oxford, miaka ya 1920. Kifaa chake kinatazama jua na kulinganisha miale miwili: mmoja unaomezwa na ozoni na mwingine usiomezwa sana. Tofauti ya miale hiyo inakuambia ozoni ni kiasi gani. Na kiasi chenyewe kinatia huruma. Ukiikusanya ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako, ukaishusha mpaka usawa wa bahari, unene wake ni kama milimita 3. Huku kwetu kwenye ukanda wa joto ni pungufu, 2.6 hivi. Uhai wote huu tunaouona unakingwa na kitu chembamba kuliko ukoko wa ubwabwa.

Mnajua kilichofuata, kwa hiyo nitapita haraka. Gesi za CFC, ambazo mafundi friji wa zamani wanaikumbuka moja kama R12, zilionekana salama kabisa: haziungui, hazinuki. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonya kwamba zikifika juu, jua linazivunja, zinaachia klorini, na chembe moja ya klorini inaharibu maelfu ya ozoni. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakatangaza kwamba juu ya kituo chao cha Halley, Antaktika, ozoni inaporomoka kila mwezi wa kumi. Kifaa walichotumia? Cha Dobson, kimekaa chini. Setilaiti nayo ilikuwa imeyaona, lakini namba zilikuwa ndogo mno, kompyuta ikaziweka pembeni kama za kutiliwa shaka.

Mimi kama nesi hapo huwa nacheka na kuumia. Ni mara ngapi mzani umeonyesha mtoto kapungua kilo nzima, mtu akasema "mzani huu mbovu", akaandika uzito wa mwezi uliopita? Mzani ulikuwa unasema kweli.

Tarehe 16 Septemba 1987 nchi zikasaini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo. Tanzania ikajiunga mwaka 1993. Na hapa unaingia wewe mama mwenye mtoto wa pumu. Pampu za zamani za pumu zilisukuma dawa kwa CFC. Mkataba uliziruhusu kwa muda kama matumizi ya lazima, maana huwezi kumnyima mtoto pumzi ili kuokoa anga. Katikati ya miaka ya 1990 zikaanza kutoka pampu za gesi nyingine, na moja ya gesi hizo ndiyo fundi wako wa friji anaiita R134a. Ndiyo, ile ile. Haiharibu ozoni, ila inaongeza joto la dunia, ndiyo sababu mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali, hapo kwa jirani, zikakubaliana kupunguza jamii ya gesi hizo nazo. Usiogope, hakuna anayekuja kukunyang'anya pampu.

Jambo moja kabla sijalala. Hakuna shimo la ozoni juu ya Dar es Salaam. Jua letu ni kali kwa sababu linasimama utosini na mwavuli wetu kwa asili ni mwembamba. Kile kipimo cha ukali wa mionzi wanachotoa watu wa hali ya hewa, ambacho 11 tayari ni kali kupita kiasi, kwetu mchana kinafika na kupita. Wenye watoto wenye ualbino, hili kwenu halina mjadala: kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua kila siku hata kukiwa na mawingu. Kilisun inatengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, kwa ajili yao. Ulizeni kliniki za ngozi.

POSTI YA 3

Hiki kipande ndicho nilichokipenda zaidi kukiandaa, na kinahusu leza. Msinikimbie.

Kumbuka kifaa cha Dobson kinakupa namba moja tu, jumla ya ozoni kutoka ardhini mpaka juu kabisa. Sasa fikiria kliniki, mtoto analia, hataki kukaa kwenye mzani. Tunafanyaje? Mama anapanda naye. Kilo 68. Mwezi ujao wanapanda tena, 68. Tumefurahi? Hapana! Labda mama amenenepa kilo moja na mtoto amepungua kilo moja. Jumla haikuambii nani anadhoofu.

Ozoni ni hivyo hivyo. Ya juu, nzuri, ikipungua, na ya chini, mbaya, ikiongezeka kwa moshi wa magari na mashamba yanayochomwa, jumla inaweza kubaki vile vile wakati mambo yote mawili yanaharibika. Lazima umshushe mama, umpime mtoto peke yake. Yaani upime kila kimo kivyake.

Njia ya kwanza ni puto. Hapa Afrika Mashariki tuna historia ya kujivunia. Tangu 1996 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ikishirikiana na wenzao wa Uswisi, inarusha maputo ya kupima ozoni kutoka Nairobi. Ndani ya kisanduku kinachoning'inia kwenye puto kuna kikombe cha maji yenye iodaidi ya potasiamu. Chumvi ya Schönbein! Hewa inapita humo, ozoni inaitibua, umeme kidogo unazaliwa, redio inatuma namba chini. Malindi nako Waitaliano walirusha maputo ya aina hiyo kuanzia 1999 mpaka 2006 kwenye kituo chao cha Ngomeni, pale pale ilipotoka setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Vituo hivi vyote viliingia kwenye mtandao wa ukanda wa joto wa kusini ulioanzishwa mwaka 1998 chini ya Anne Thompson wa NASA, kwa sababu huku kwetu vipimo vilikuwa vichache mno.

Lakini puto lina kasoro zake. Kwa kawaida linarushwa mara moja kwa wiki. Likifika kilomita 30 na kidogo linapasuka. Na kila kikombe ni kipya, kimeandaliwa na mkono wa mtu, na mikono ya watu mnaijua.

Ndipo leza. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960 huko Marekani, mikononi mwa Theodore Maiman. Mwaka 1977 kundi la Mfaransa Gérard Mégie lilichapisha kwamba limepima ozoni ya juu kimo kwa kimo kwa leza iliyokaa ardhini, kwenye kituo cha Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Mtambo wa namna hii unaitwa laida. Wazo lake ni lile lile la Dobson, miale miwili, ila safari hii husubiri jua likuletee. Unaituma mwenyewe kwenda juu usiku, kisha unasikiliza kinachorudi.

Nieleze kwa vitumbua. Chukua watoto mia uwabebeshe kila mmoja sinia la vitumbua, na wengine mia uwabebeshe mabeseni ya plastiki. Waondoke Tandika kwa pamoja, njia moja, mwendo mmoja. Kila kituo cha daladala, wachache wa kila kundi wanageuza kurudi nyumbani. Wewe umekaa mlangoni na saa. Aliyerudi mapema aligeuzia karibu, aliyechelewa aligeuzia mbali. Mabeseni yanarudi yote, nani ale beseni? Vitumbua vinarudi vimepungua. Ukilinganisha masinia na mabeseni ya kituo kimoja kimoja, unajua wenye njaa wamejaa wapi, na hukutoka mlangoni.

Watoto ni mwanga. Vitumbua ni mwale ambao ozoni inaula, beseni ni mwale ambao karibu haiugusi. Wenye njaa ni ozoni. Na saa yenyewe lazima iwe ya ajabu: mwanga kwenda kilomita 30 juu na kurudi unatumia sehemu moja ya 5,000 ya sekunde. Mipigo inarushwa mingi kila sekunde kwa saa kadhaa, kisha inajumlishwa, kwa sababu kinachorudi ni kidogo sana. Mawingu yakitanda, kazi imeisha, watu wanarudi kulala. Kingine cha kuchekesha: leza inayotumika sana kutoa ule mwale wa vitumbua inatengenezwa kwa gesi ya zenoni na klorini. Klorini ile ile ya CFC, safari hii imefungiwa ndani ya bomba na inafanya kazi ya kumlinda iliyekuwa inamuua.

Uzuri wake ni nini? Mzani wa kliniki kila asubuhi tunaurudisha sifuri, na ukizeeka unaanza kudanganya taratibu bila mtu kujua. Setilaiti nazo zinazeeka huko juu na huwezi kumtuma fundi. Laida inalinganisha miale miwili iliyopita anga moja, usiku mmoja. Chombo kikichoka, vyote viwili vinafifia, lakini tofauti ya kutoka kimo hadi kimo inabaki. Ndiyo maana inatumika kuzikagua setilaiti.

POSTI YA 4 (ya mwisho)

Laida ya ozoni iliyo jirani nasi ninayoijua iko Réunion, kisiwa cha Ufaransa kilicho mashariki ya Madagaska, karibu na Morisi. Ni zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Walianza mwaka 1998 na leza ya kupima ozoni ya hewa ya chini, baadaye wakaongeza ya ozoni ya juu, na mwaka 2012 wakafungua kituo kipya mlimani, Maïdo, mita 2,160 juu ya bahari, ambako anga ni safi na taa za mji ziko mbali.

Mnajua wameona nini? Moshi wetu. Kila mwaka, mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, ozoni ya kilomita chache juu ya kisiwa inaongezeka. Sehemu kubwa inatokana na moto wa msimu wa kiangazi, mashamba na mapori yanayochomwa kusini mwa Afrika na Madagaska. Gesi za moshi zikipikwa na jua njiani zinazaa ozoni, upepo unaibeba mpaka katikati ya bahari, na leza inaikuta imening'inia huko kama kanga kwenye kamba. Kifaa cha Dobson kingeona jumla imepanda kidogo. Mtu angeweza hata kufurahi, akidhani mwavuli umenenepa.

Kwa hiyo unapochoma taka nyuma ya nyumba Buza au Bunju, na foleni ya Kilwa Road inaunguruma saa nane mchana, jua linapika kitu hicho hicho kwa kiwango kidogo, usawa wa pua ya mtoto wako. Ila nisiwadanganye. Kwa mtoto wa Mbagala, moshi wa mkaa ndani ya chumba kimoja ni adui wa karibu kuliko ozoni. Ukiweza kubadilisha kimoja tu, toa jiko nje.

Na ule mwavuli wa juu? Hapa ndipo laida na setilaiti zilizokaguliwa nayo zimetupa habari njema. Kwenye kilomita 40 hivi, ambako puto halifiki, ozoni imeanza kuongezeka. Mkataba umefanya kazi. Tathmini ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 inasema, tukiendelea hivi, sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye hali ya 1980 karibu na mwaka 2040, na Antaktika karibu na 2066. Chini ya hapo, kwenye kilomita 20 hivi juu ya ukanda wetu, dalili bado ni dhaifu na wanasayansi wanabishana. Huwezi hata kuanza ubishi huo kama una namba moja tu ya jumla.

Sasa mama wa Yombo. Alirudi Jumatatu. Mashine hakuichukua, kianzio hakikurudi, na namba ya muuzaji haipatikani. Alilia kidogo, nikamwacha alie. Tulipomaliza nikamwomba anionyeshe anavyompa mtoto pampu. Kumbe dawa nyingi ilikuwa inaishia kwenye ulimi. Tukachukua chupa ya maji ya nusu lita, tukatoboa tundu kwenye kitako la kuingia mdomo wa pampu kwa kubana, mtoto akashika shingo ya chupa kwa midomo, akavuta taratibu mara tano. Ile pesa ya kianzio ingenunua pampu kadhaa, lakini hilo sikumwambia, maana alishalijua.

Akiwa mlangoni akaniuliza kama usiku akisimama ufukweni Kigamboni anaweza kuiona hiyo leza ya Réunion. Nikamwambia hapana mama, ni mbali, na miale yenyewe ni ya urujuanimno, hata ukiwa chini yake pale mlimani macho yako hayaioni.

Maswali ya chupa na pampu ni mengi inbox, nimeyaona. Jumamosi nitapiga picha hatua kwa hatua. Anayekuja kliniki wiki hii aje na pampu ya mtoto wake hata kama anadhani imeisha, tuitikise pamoja.